Lori Linaloomba Ruhusa

Jumamosi ile, saa tatu na nusu asubuhi, lori la Kipkirui lilikuwa limekufa kando ya barabara kuu, mwendo mfupi upande huu wa Salgaa, na mtu pekee aliyeweza kulifufua alikuwa Wangui, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amejifungia ofisini Nakuru. Lori halikuwa bovu. Dizeli ilikuwamo, betri ilikuwa nzima, magurudumu yote yamejaa upepo. Lilikuwa linangoja ruhusa. Naam, ruhusa, kama mtoto wa shule anayetaka kwenda msalani!

Wa kulaumiwa ni Mukesh, mwenye malori. Alikuwa amechoshwa na madereva waliokuwa wakifyonza dizeli yake na kuiuza vichochoroni, akamleta kijana mmoja mtaalamu, Yash, alifungie kila lori kidude chini ya dashibodi. Kidude chenyewe hakikuwa na utu hata kidogo. Lori likisimama zaidi ya dakika ishirini mahali pasipokuwa kwenye orodha, kinakata injini, na injini haiwaki tena mpaka kompyuta kubwa iliyoko ofisini, ile wanayoiita seva, itume ujumbe wa kuifungua. Salgaa ilikuwa kwenye orodha, maana huko ndiko madereva hula na kulala. Nje kidogo ya Salgaa haikuwamo. Siku za amani dereva alipiga simu, Wangui akabonyeza kitufe, lori likanguruma, wakataniana kidogo na kazi ikaendelea. Lakini hii ilikuwa Januari ya elfu mbili na nane, wiki nne baada ya uchaguzi, na hakuna aliyekuwa na utani katika bonde lote lile.

Na ndani ya lori hilo, nyuma ya pazia la kitanda cha dereva, alikuwa amejikunyata mama mzazi wa Wangui.

Wacha niseme wazi, maana mwezi ule hakuna aliyekuwa akiuliza jambo lingine. Wangui ni Mkikuyu. Kipkirui ni Mkalenjin. Kule barabarani waliofunga njia kwa mawe na magogo walikuwa vijana wa kina Kipkirui, wakitafuta watu wa kina Wangui. Mjini Nakuru waliokuwa wakizunguka na mapanga walikuwa vijana wa kina Wangui, wakitafuta watu wa kina Kipkirui. Upuuzi mtupu, na watu walikuwa wanakufa kwa upuuzi huo kila siku.

Nyumba ya mama ilichomwa Alhamisi, huko upande wa Molo. Akatembea, akalala shambani kwa watu, akafika Salgaa na viatu viwili visivyofanana. Kipkirui alimkuta amefichwa jikoni katika hoteli moja, akamtambua kwa sababu alishawahi kumpelekea magunia ya mbolea. Ijumaa jioni akampigia Wangui simu.

"Madam, nimepata shosho, mama yako. Kesho namleta, hata kama ni kumbeba mgongoni."

Wangui alilia mpaka akashindwa kusema asante. Hakuna aliyemlazimisha Kipkirui. Angeendelea kula nyama choma yake na kunyamaza.

Asubuhi wakaondoka, lakini hata kabla lori halijashika kasi wakaona moshi mbele. Kipkirui akaegesha pembeni angoje polisi wafungue njia. Akangoja. Kwa hofu iliyomjaa, akasahau dakika ishirini za Mukesh. Saa tatu na nusu kidude kikalia mlio wake mmoja, injini ikakata.

"Madam, gari imezima. Nifungulie haraka, hapa si pazuri."

"Stima hakuna, Kipkirui! Imepotea tangu jana usiku. Seva imelala."

"Basi iamshe," akasema, na simu ikakatika.

Ofisini walikuwa wawili tu. Wangui alikuja kazini Ijumaa asubuhi kama kawaida, akidhani vita ni vya mashambani. Kabla ya saa sita mji ukalipuka, na kwenda kwake, mtaa wa Free Area, katikati ya moto na risasi, ikawa ni kujitafutia kaburi. Mwenzake alikuwa Kiprugut, bawabu, mzee wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye kikohozi cha asubuhi. Kama Kipkirui, naye alikuwa Mkalenjin. Nje ya geti lile asingefika hata kona. Wangui alikuwa amefunga geti kwa minyororo miwili, wakalala humo, yeye juu ya meza, mzee kwenye maturubai ya mizigo karibu na mlango.

"Mzee, tuwashe jenereta," Wangui akasema.

Kiprugut akamtazama. "Madam, hiyo jenereta inasikika mpaka steshoni. Mji mzima haina stima. Ikinguruma, watajua kuna mtu."

"Najua. Mamangu yuko ndani ya lori."

Mzee akakohoa, akafikiri kidogo. Kila mmoja wao alijua waliokuwa nje wangemdhuru nani na kumwacha nani. Kisha akachukua ufunguo, akaenda uani, na baada ya kuvuta kamba mara nne mtambo ukanguruma hadi madirisha yakatetemeka. Alirudi akijipangusa mikono kwa suruali, akakaa.

Seva ikawaka. Taa zikamulika, feni zikazunguka, na Wangui akashusha pumzi. Programu ya malori ilikuwa imewekwa kama huduma, yaani kitu kinachojiendesha chenyewe kimyakimya: mashine ikiamka, nayo inaamka, bila mtu kuigusa. Hivyo ndivyo Yash alivyomfundisha kabla hajahamia Kanada na kusahau kwamba Nakuru ipo duniani. "Hiyo kitu haina kazi, madam. Washa mashine, kunywa chai." Basi Wangui akawasha mashine, akangoja.

Haikuamka.

Ramani ilikuwa tupu. Hakuna lori hata moja, hakuna kitufe cha kufungua. Akaenda kwenye orodha ya huduma, akaikuta hapo imeandikwa jina lake, na mbele ya jina pako wazi, mahali ambapo neno la kuonyesha inafanya kazi lilipaswa kuwa. Akaibonyeza ianze. Mstari wa kijani ukatambaa hadi katikati, ukakwama, kisha kijisanduku kikatokea kusema imeshindikana kuanza. Akabonyeza tena. Vilevile. Akazima mashine yote, akawasha upya, dakika sita nzima akiuma kucha. Vilevile!

"Inakataa?" Kiprugut akauliza.

"Inakataa. Ngai, inakataa nini sasa?"

Akachomoa kifaa cha kutuma ujumbe wa simu kwa malori, akakipuliza vumbi, akakirudisha. Taa yake ilikuwa inamulika vizuri, mtandao upo. Akaangalia kama diski imejaa. Haikujaa. Kichwa kikaanza kumuuma. Yeye hakuwa mtaalamu wa kompyuta, alikuwa karani wa magari, na yote aliyoyajua aliyaokota kwa kusimama nyuma ya Yash akiuliza maswali. Akakumbuka kwamba Yash akikwama alikuwa akifungua mahali ambapo mashine huandika makosa yake. Akapafungua. Mistari myekundu ilikuwa mingi, yote ikilalamika jambo moja: programu imeshindwa kuingia, kwa sababu jina na paswadi yake havilingani.

Hapo ndipo alipoelewa nusu. Programu ile haikuwa ikianza kwa jina lake yenyewe. Ilikuwa ikiingia kwenye mashine kwa jina la Mukesh, ikitumia paswadi ya Mukesh, kama mtumishi anayeingia kwa tajiri na ufunguo wa tajiri. Paswadi hiyo Wangui aliijua, Yash alimwandikia. Akaiingiza upya, herufi moja moja. Ikakataliwa. Akajaribu kuiondolea programu jina la Mukesh ianze kwa jina la mashine yenyewe. Ikaanza! Moyo ukamruka. Ikakaa sekunde nne, ikafa, maana hifadhi ya taarifa za malori haikumtambua mgeni yeyote isipokuwa Mukesh. Na kuibadilisha paswadi ya Mukesh kwa nguvu hakuruhusiwa. Akaunti yake ya ukarani iliweza kuanzisha huduma na kuzisimamisha, basi.

Simu ikalia. Ilikuwa mamake, kwa simu ya Kipkirui, akinong'ona.

"Wangui, kuna vijana wanapita hapa na mishale. Dereva ameteremka anaongea nao. Ameniambia nisipumue."

"Mami, usiongee. Kata simu. Naifungua sasa hivi."

"Tumekuwa tukingoja tangu saa ile."

Akakata. Wangui akapiga meza kwa ngumi, chozi likamtoka kwa hasira zaidi ya huzuni. Kilomita thelathini! Siku nyingine ni safari ya nusu saa ukipiga gumzo. Sasa mamake amefungiwa ndani ya chuma, naye amefungiwa ndani ya ukuta, na katikati yao kuna kijisanduku cha kijinga kinachosema imeshindikana.

Ndipo geti likapigwa. Si kubisha, ni kupigwa kwa vyuma. Kiprugut aliinuka, akatazama mlango wa nyuma, akatazama kabati la faili, akabaki amesimama katikati ya chumba bila pa kwenda.

"Chini ya meza yangu, mzee. Haraka."

Mzee akaingia, magoti yakilia. Wangui akajifunga leso vizuri, akapiga moyo konde, akatoka hadi kwenye dirisha linalotazama geti. Walikuwa vijana kama kumi na watano. Mmoja alikuwa na panga ambalo bado lilikuwa na stika ya dukani.

"Nani huko na jenereta?"

Aliwajibu kwa Kikuyu, kwa sauti ya mama mwenye nyumba aliyekatizwa kazi. Akasema ni yeye, Wangui, karani, na kwamba mama yake yuko barabarani Salgaa na anatafuta namna ya kumleta. Hiyo yote ilikuwa kweli.

"Na bawabu wenu? Ule wa Baringo?"

"Alitoroka jana. Mnadhani angebaki hapa awangoje?"

Wakacheka. Yule mwenye panga akasema watapita tena jioni kuangalia, kwa usalama wake. Wakaenda wakiburuta vyuma kwenye lami. Wangui alirudi akakaa mbele ya seva.

"Asante, madam," Kiprugut akasema kutoka chini ya meza.

"Usinishukuru, mzee. Tuko pamoja."

Sasa ilibaki kumtafuta Mukesh, aliyekuwa amekimbilia Nairobi na familia yake tangu mwanzo wa Januari. Simu ya waya ya ofisi ilikuwa imekufa. Kwenye simu yake Wangui alikuwa na shilingi thelathini na mbili za kredo ya kupigia, na kredo mji mzima ilikuwa imeadimika kuliko unga, maduka yote yamefungwa. Akam-flash Mukesh, kupiga na kukata, mara tatu. Wapi! Mukesh hajawahi kumrudia mtu aliyem-flash tangu azaliwe. Akapiga kwa kweli, huku akihesabu sekunde.

"Boss, umebadilisha paswadi yako kwa seva?"

"Wangui? Uko salama? Watu wote wako sawa?"

"Boss, sina kredo! Paswadi! Umebadilisha?"

"Ndiyo, Diwali. Kila Diwali tunabadilisha. Mwaka mpya, kila kitu mpya. Hata puja tulifanyia hiyo kompyuta, mke wangu Darshana aliweka tika."

Wangui akageuka kuitazama seva. Kwenye kona ya juu palikuwa na alama nyekundu ya poda, imekauka. Kwa miezi miwili na nusu alikuwa akipangusa vumbi pembeni yake kwa heshima, asijue kwamba siku ile mashine haikubarikiwa tu, bali pia ilibadilishiwa kufuli. Mukesh hakumwambia mtu. Kwake lilikuwa jambo la ibada, si la ofisi. Na programu nayo ilikuwa imeshaingia kabla ya sikukuu, kwa paswadi ya zamani, ikaendelea kukaa ndani wiki baada ya wiki bila kuulizwa, kwa kuwa mashine haikuzimwa hata siku moja. Ilipozimika jana ndipo ikarudi mlangoni na ufunguo uliokwisha kazi.

"Ni gani, boss? Haraka!"

"ShubhLabh. Es kubwa, el kubwa, zile zingine ndogo." Akamtajia herufi kwa herufi, taratibu kama anayeagiza mchele, Wangui akiandika kwenye kiganja. "Halafu mbili sufuri sita nne."

"Mbili sufuri sita nne? Boss, huu ni mwaka wa nane!"

"Kwa kalenda yetu ni elfu mbili sitini na nne. Wangui, kwani ni nini imetoke—"

Kredo ikaisha.

Akaandika paswadi, akaiandika tena kuthibitisha, akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa hadi katikati. Ukasimama. Wangui akashika meza kwa mikono miwili. Ukaendelea, ukafika mwisho, na mbele ya jina lile neno likatokea. Ramani ikajaa vijidoti, na kimoja kikiwa chekundu, nje kidogo ya Salgaa. Akakibonyeza kifunguke. Baada ya nusu dakika kikageuka kijani.

"Imewaka!" akapiga kelele, akasahau kabisa waliokuwa nje. "Mzee, imewaka! Inaenda!"

Kiprugut alitoka chini ya meza akicheka, akapiga makofi mawili, wakashikana mikono kama watu waliofunga goli. Kidoti kikasogea kuelekea Nakuru. Kila baada ya dakika mbili ramani ilijipanga upya na kidoti kikawa kimeruka kidogo kuja kwao. Wangui alivuta kiti, akakiangalia bila kupepesa.

Kisha kikageuka.

Mara ya kwanza alidhani ni makosa ya ramani. Dakika mbili zaidi, kidoti kilikuwa kimeiacha barabara kuu na kuingia njia ya Rongai, kaskazini. Dakika mbili tena, kilikuwa kimezama zaidi huko. Huko hakukuwa na Nakuru, hakukuwa na polisi, hakukuwa na mtu wa kwao hata mmoja aliyebaki.

"Anaenda wapi?" Wangui akauliza. "Mzee, anaenda wapi na mamangu?"

"Labda amezunguka. Iko njia hapo, unatokea Kampi ya Moto, unakuja na Kabarak."

"Kampi ya Moto! Hao wote huko ni watu wa—" Akajizuia, lakini alikuwa amechelewa.

Akatuma ule ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa. Kimya. Akautuma tena. Kimya. Akawaza namna wale vijana wa mishale walivyopita na kumwacha Kipkirui bila jeraha. Aliwaambia nini? Alikubaliana nao nini pale alipoteremka? Wiki ile yote alikuwa amesikia redioni, amesikia kwa majirani, amesikia kila mahali: usimwamini hata uliyekula naye. Aliyachukia maneno hayo alipoyasikia. Sasa yalimjia yote kwa pamoja, na yakaonekana ya busara.

Chini ya kitufe cha kufungua kulikuwa na kitufe kingine, cha kuzima. Yash alikiweka kwa ajili ya wezi.

"Madam," Kiprugut akasema, kwa upole sana, "ngoja kidogo. Huyo kijana namjua. Nimekula kwa mama yake. Ngoja apige simu."

"Wewe lazima utamtetea!" Wangui akamgeukia. "Ungesema nini kingine, wewe?"

Wangui akabonyeza kitufe cha kuzima, na kidoti kikawa chekundu katikati ya mashamba.

Dakika moja haikupita, simu ikalia.

"Madam! Imezima tena!" Kipkirui alikuwa akihema. "Huko mbele kwa lami wamechoma trela mbili, wanatoa watu kwa magari, nimekata na njia ya Rongai nizunguke. Nilikuwa nimefika karibu na reli. Sasa imezima katikati ya kijiji, na kuna watu wanakuja. Fungua, madam, fungua! Shosho nimemfunika na turubai lakini wakipanda watamwona."

Wangui alikuwa ameshabonyeza kufungua na sasa hakuwa na la kufanya ila kungoja, simu ikiwa sikioni. Akasikia watu wakikaribia. Akasikia Kipkirui akiwasalimu kwa Kikalenjin, akicheka kicheko kikubwa ambacho hakikuwa na furaha ndani yake, kisha mtu akiuliza jambo kwa ukali, kisha mlango wa lori ukifunguliwa. Kwa hesabu ya saa ilikuwa nusu dakika. Wangui alizeeka ndani yake.

Injini ikawaka.

"Haya, wazee, acha niwahi maziwa ya watu!" Kipkirui akapaza sauti kwa Kiswahili, mlango ukapigwa, na lori likanguruma hadi simu ikajaa kelele. Wangui akalaza paji la uso juu ya meza. Hakuweza hata kulia.

Kidoti kikaenda Rongai, kikaenda Kampi ya Moto, kikashuka Kabarak, polepole. Saa saba kasorobo simu ikalia tena.

"Nimefika Kiamunyi, madam. Polisi wako hapa na lori lao, wamempokea shosho, wanampeleka kambini showground pamoja na wengine. Mimi siwezi kuingia huko tao, Nakuru, unajua mwenyewe. Narudi na njia ileile. Ongea naye."

Mamake alikuwa akilia na kucheka. Akasema kijana huyu amebarikiwa. Akasema wale watu walimkamata Kipkirui shati, wakamuuliza kwa nini lori limezima lenyewe na kwa nini jasho linamtoka, na mmoja alikuwa ameshapanda ngazi ya kwanza ya lori. Akasema atamwombea mpaka afe. Kisha Kipkirui akarudi kwenye simu.

"Lakini madam, ile mara ya pili ilikuwa nini? Sikuwa nimesimama hata dakika moja. Ni hiyo seva tena?"

Wangui alihisi macho ya Kiprugut shingoni. Alifungua kinywa aseme kweli. Alitaka kuisema, haki ya Mungu alitaka.

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa mashine. Ilikataa tena."

"Waambie wairekebishe. Nusura tumalizike. Sawa basi, madam. Usitoke nje leo."

"Asante, Kipkirui."

"Tuko pamoja," akasema, akakata.

Wangui akaweka simu mezani. Programu ilikuwa ikifanya kazi bila dosari, vidoti vyote mahali pake. Akageuka hatimaye. Mzee alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo ya matairi, kofia mkononi.

"Mzee, nilikuwa na hofu. Ni mamangu. Ungekuwa wewe—"

"Mimi niliwasha jenereta, madam," Kiprugut akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Wangui zaidi. "Niliwasha nikijua wanasikia."

"Najua, mzee. Pole. Nisamehe."

"Hakuna neno. Hao vijana walisema watarudi jioni. Wakirudi uwaambie vile utaona ni vizuri." Akaingia stoo, akavuta mlango, na komeo la ndani likapita.

Mwishowe Wangui akainuka, akapasha maji kwa ule umeme wa jenereta, akapika chai ya rangi kwa sukari iliyobaki, akajaza kikombe kimoja hadi juu. Akakipeleka mlangoni, akagonga taratibu kwa kidole.

"Mzee, chai."

Kikohozi kikasikika kule ndani, kisha viatu vikisogea, si kuja mlangoni bali kurudi nyuma.

"Acha hapo chini, madam," Kiprugut akasema. "Nitachukua ukishaenda."